Nyumbani Haikatiki

Mimi kazi yangu ni kusema. Nashika maikrofoni kwenye harusi, mahafali na sherehe za kuwaaga wastaafu, na mtu anayenikodi ananikodi ili ukumbi usipate nafasi ya kunyamaza. Kwa hiyo muziki ukikatika, bibi harusi yuko mlangoni ameinua mguu na hajaushusha, wa kwanza kuumbuka ni mimi. Ukumbi mzima unageuka kunitazama utadhani nimeumeza wimbo wao.

Jumamosi ile ulikatika vibaya. Ungenyamaza moja kwa moja ningejua la kufanya, lakini ulianza kukwaruza, krr, krr, kisha ukawa unatoka vipande vipande, neno linaishia nusu, ngoma inagonga mara tatu pale inapotakiwa kugonga mara moja. Kimya. Halafu krr tena. Maharusi wamesimama mlangoni, mpiga picha amepiga goti, wasindikizaji nyuma yao wamekanyagana. Nikapaza sauti: "Mabibi na mabwana, muziki umemwona bibi harusi ukazimia! Tumpe makofi huku tunaumwagia maji!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, na maharusi wakaingia kwa makofi badala ya wimbo. Mama wa bibi harusi hakucheka. Aliniangalia kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena.

Nilipogeuka, shemeji yangu alikuwa nyuma ya meza yake, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kola, vidole vinaruka juu ya laptopu kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Ilikuwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja.

Huyo shemeji wanamwita Besi. Usidhani ni mtu wa kifua na sauti nzito. Ni mwembamba, sauti yake ukiwa chumba cha pili huisikii, na jina lile alilipata kwa sababu ya spika zake. Amemwoa dada yangu mkubwa, na nimefanya naye kazi tangu enzi za kaseti, alipokuwa akibeba begi la nguo lililojaa kaseti na penseli ya kuzirudisha nyuma. Zikaja sidii, akahamia kwenye sidii. Ikaja laptopu, akaipata moja kuukuu kutoka ofisi iliyokuwa inahama, akajifunza mwenyewe ile programu ya kuchanganya nyimbo, yenye sahani mbili zinazozunguka kwenye skrini kana kwamba ni santuri za kweli. Siku za kazi anauza rangi za nyumba. Dukani kwao kuna mashine ya kutikisa makopo ili rangi ichanganyike, na Besi hawezi kusimama karibu nayo bila kupiga kaunta kwa vidole kufuata mtikisiko wake. Hatulii. Anakula amesimama, anapiga mswaki akizunguka uani, na ukimpa kiti anakaa ukingoni kana kwamba kuna mtu anamwita nje.

Na hajui kukataa. Hili lazima niliseme mapema, kwa sababu limenitia hasira miaka yote. Ngazi yake iko kwa jirani, koleo lake liko kwa jirani mwingine, na yeye mwenyewe akitaka kupanda juu ya bati anakwenda kuazima ngazi yake. Kwenye sherehe, meza yake ndiyo wodi ya simu. Kila shangazi ambaye simu yake inakata roho anakuja na chaja mkononi. "Baba, nisaidie kidogo tu, nataka kumpiga picha mwanangu." Besi anatabasamu, anainama chini ya meza, anatafuta pa kuichomeka. Nimewahi kumwambia aandike kibao cha "chaji hapa" apate walau umaarufu. Akacheka, akainama tena kuichukua simu ya mwingine.

Sasa, bibi harusi wa Jumamosi ile alikuwa rafiki mkubwa wa binti wa Besi, yaani mpwa wangu. Mpwa wangu alikuwa miongoni mwa wale wasindikizaji waliokanyagana mlangoni. Na yeye mwenyewe harusi yake ilikuwa imekaribia, ukumbi umeshachukuliwa, kadi zimeshagawiwa.

Kesho yake nilikuwa kwao. Dada alikuwa anapiga pasi sebuleni, Besi amekaa ukingoni mwa kochi na kikombe cha chai kisichopungua. Mpwa wangu akaingia, akakaa mbele ya baba yake, akavuta pumzi kama mtu aliyekuwa anajifunza maneno njiani.

"Baba, nimefikiria. Siku yangu mimi, wewe kaa tu. Upande wa mwenzangu kuna kijana wao anapiga muziki. Mwache apige yeye."

Pasi ya dada ikasimama juu ya shati. Mimi nikatazama dari.

"Sawa, mwanangu," Besi akasema.

"Hujakasirika?"

"Nikasirike nini? Siku ni yako. Sawa kabisa."

Mpwa wangu akamwangalia kwa muda, kama anangoja neno jingine. Halikuja. Akaondoka na uso ambao sikuuelewa, nikadhani ni aibu.

Ngoja nikwambie "sawa" ile ilimgharimu nini. Tangu mtoto yule anatambaa, Besi alikuwa anasema siku ya harusi yake muziki ataupiga yeye. Alikuwa na nyimbo amezitenga kwa ajili ya siku hiyo tangu enzi za kaseti, akizihamisha kutoka kaseti kwenda sidii na kutoka sidii kwenda laptopu, akiongeza mmoja, akiondoa mwingine, kulingana na binti anavyokua na anavyopenda. Ndiyo ndoto pekee niliyowahi kumsikia akiitaja. Na sasa kijana wa watu angekuja na vipokea sauti shingoni, ampigie mwanawe muziki.

Mlango ulipofungwa, akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Shemeji, bado kuna wiki kadhaa," akaniambia. "Nikiitibu hii mashine, atabadili mawazo. Si ndiyo?"

"Ungemwambia hivyo sasa hivi alipokuwa hapa," dada akadakia.

"Kwanza niitibu."

Kuanzia siku hiyo nyumba ile haikukalika. Akitoka dukani na rangi ya jasmini kwenye kucha, anapita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, anawasha laptopu, anaunganisha spika, na muziki unaanza. Kwanza aliandama vitu vya watu. Laptopu ile ilikuwa ya ukoo mzima: dada aliweka mishono ya magauni, wapwa zangu wa kiume waliweka michezo ya mpira, hata mimi nilikuwa na picha zangu za kwenye mabango humo. Akafuta, akafuta, akaja kuniomba radhi baada ya kufuta. Akazima kila programu inayojifungua yenyewe. Akakata intaneti, kwa sababu alisikia kwamba mashine ikijisasisha katikati ya wimbo inasahau wimbo. Nyimbo zilizokuwa kwenye diski ya nje akazihamishia ndani, isije ikawa waya ule mdogo ndio unaochelewesha. Akafungua mfuniko wa chini, akasafisha feni kwa brashi ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi, akatoa donge la vumbi kubwa la kutengenezea paka.

"Hili hapa!" akapiga kelele. "Adui yangu huyu hapa!"

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mahafali ya chuo cha ushonaji. Laptopu ikapiga muziki vizuri mchana kutwa. Besi akawa ananirushia jicho la ushindi kutoka nyuma ya meza. Kisha wahitimu wakaanza kuitwa mbele mmoja mmoja, mama zao wakasimama na simu juu, na katikati ya wimbo wa kuwapongeza, krr.

Aliporudi nyumbani hakula. Dada alinipigia simu kunilaumu, eti mimi ndiye niliyemwingiza kwenye mambo ya sherehe. Nikamwambia mumewe alikuwa na kaseti kabla sijawa na ndevu. Akakata simu.

Tukaenda kwa fundi wa kompyuta, mimi na Besi. Kibanda chake kina mashine zilizofunguliwa matumbo mpaka mlangoni, na fundi mwenyewe ni mtu wa haraka, anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Tulipomweleza habari za harusi ya mpwa wangu, akaichomeka laptopu, akafungua ile programu, akaweka nyimbo mbili zipigane. Kuna kipimo kidogo pembeni ya skrini kinachoonyesha mashine inavyohemea: kikiwa kijani ina nafuu, kikifika kwenye chekundu ndipo sauti inaanza kukatika. Tulikaa tukikitazama kipimo hicho kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Kijani. Fundi akaongeza mwangwi, akaongeza vikorombwezo vyote alivyovijua. Kijani.

"Mzee, mashine ni nzima," akasema.

"Harusini inakatika."

"Hapa haikatiki."

"Hata nyumbani haikatiki. Nimekwambia harusini."

"Basi mwache mpwa wako aolewe nyumbani," fundi akaniambia mimi, huku anacheka. Besi hakucheka. Fundi akaona amevuka mpaka, akajitahidi: akaingia kwenye mipangilio ya sauti, akaipa mashine muda zaidi wa kuandaa sauti kabla ya kuitoa. Hiyo inasaidia, lakini ukiizidisha, unabonyeza sasa na wimbo unaanza baadaye, na kwa DJ hilo ni sawa na kupiga mpira ukafika goli wenzako wameshakwenda mapumziko. Besi akaijaribu, akakunja uso, akashukuru.

Njiani kurudi alitembea mbele yangu hatua kadhaa, akageuka, akarudi, akatembea nyuma yangu.

"Labda ni mimi," akasema. "Labda ni mikono yangu, shemeji. Nikiona watu wamejipamba natetemeka, nabonyeza vibaya."

"Miaka yote hukutetemeka, uanze leo?"

"Leo ni mwanangu."

Iliniuma. Nilikuwa na hasira na mpwa wangu, ukweli ni huo. Nilijiambia watoto wa siku hizi hawana shukrani, baba amekusomesha kwa rangi za ukutani na wewe unamwogopea aibu mbele ya wakwe. Nilikuwa nimeshatunga hotuba nzima ya kumpasha.

Kisha ikaja ile Jumapili ya kukatika umeme.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Besi yuko chumba cha nyuma amevaa vipokea sauti, kwa sababu majirani walikuwa wameshachoka na dada ameshapiga marufuku spika. Mimi na dada tuko sebuleni tunagombana kuhusu viti vya wageni. Ghafla feni ya dari ikapunguza mwendo, ikasimama, friji ikanyamaza. Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja. Muda kidogo tu, tukasikia kutoka chumba cha nyuma mtu anapiga kelele.

"Imekatika! Imekatika!"

"Tunajua!" dada akajibu. "Kwani wewe peke yako ndiye huna umeme?"

"Imekatika, mama, njooni! Inakatika!"

Tulimkuta amesimama katikati ya chumba, waya wa vipokea sauti umemzunguka shingo, anacheka na macho yamejaa machozi. Akanivika vipokea sauti. Krr, krr, neno nusu, ngoma mara tatu. Ilikuwa ni ile ile ya harusini. Kile kipimo pembeni ya skrini kilikuwa chekundu mpaka juu. Sijawahi kuona mtu anafurahia ugonjwa namna ile. Alinikumbatia, akamkumbatia dada, akataka kumkumbatia na jirani aliyechungulia dirishani kuuliza kama na kwetu umekatika.

Umeme uliporudi, sauti ikanyooka, kipimo kikarudi kwenye kijani. Besi akachomoa chaja. Baada ya muda mfupi, krr. Akaichomeka. Safi. Akachomoa. Krr. Alifanya hivyo mpaka dada akamshika mkono.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi mno. Laptopu ikiwa kwenye umeme inakimbia kwa nguvu zake zote. Ikibaki kwenye betri peke yake inaanza kujinyima, inapunguza kasi ili chaji isiishe upesi. Kuandika barua hutaona tofauti. Kuchanganya nyimbo mbili zenye mwangwi, lazima ikwame. Nyumbani alikuwa anaichomeka ukutani. Kwa fundi iliwekwa kwenye umeme kabla hata haijawashwa.

"Lakini harusini si unaichomeka pia?" nikauliza. "Waya wako wa ekstensheni ninauona kila siku."

Besi akaanza kukunja ule waya wa chaja. Alikuwa anatazama sakafu.

Dada alinitangulia kuelewa. Ameishi naye, mimi nafanya naye kazi tu.

"Unachomoa ya kwako," akasema polepole. "Soketi zikijaa, unachomoa chaja ya laptopu ili uchomeke simu za watu."

"Si ina betri," Besi akasema kwa sauti ndogo. "Spika hazina betri, taa hazina betri. Laptopu ina betri. Nilijua inaweza kuvumilia."

"Na simu zao zinakufa saa ngapi?"

Wala hakuhitaji kujibu. Zinakufa pale pale watu wanapozihitaji: maharusi wakiingia, keki ikikatwa, watoto wakiitwa mbele. Pale pale mashangazi wanapokimbilia meza ya Besi. Siku zote alikuwa anaikaba mashine yake kwa wema wake mwenyewe, tena kwenye dakika ambayo kila mtu anaitegemea. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Dada naye alicheka, halafu akampiga mumewe na taulo, halafu akaenda jikoni, na alipokuwa jikoni nikasikia kwamba hacheki tena.

Tulibadilisha mpangilio wa umeme ili mashine isijinyime hata ikiwa kwenye betri. Ikawa afadhali, lakini betri yenyewe ilikuwa imechoka, ndiyo maana zamani ilivumilia na sasa ikashindwa, na ikiachwa peke yake na wimbo mzito bado ilikwaruza. Dawa ilikuwa moja tu: chaja isitoke. Besi akaapa.

Kesho yake mchana akaomba ruhusa dukani, akanipitia, tukaenda kwa mpwa wangu kazini. Anauza miwani. Duka dogo, safi, kuta zote vioo, kila unakogeuka unajiona unakuja. Alikuwa anampima mteja mmoja mzee fremu, anamwinua kidevu kwa kidole. Besi hakuweza kungoja. Alizunguka duka, akavaa miwani ya wanawake, akavua, akaweka mahali pasipo pake. Mteja alipokaa pembeni kujitazama kwenye kioo, Besi akamwaga yote kwa pumzi moja: umeme, betri, chaja, simu za mashangazi, kijani na chekundu.

"Kwa hiyo imepona," akamalizia. "Haitakatika tena. Mwambie kijana wenu apumzike. Nitapiga mimi."

Mimi nilikuwa nimekaa mguu sawa na ile hotuba yangu, endapo mpwa wangu angebisha. Hakubisha. Alianza kulia.

"Baba, kwani mimi nilisema laptopu?"

"Ulisema nikae."

"Ndiyo. Nilisema ukae." Akajifuta kwa kile kitambaa cha kufutia miwani. "Mahafali yangu, picha zote niko na mama na anko. Wewe uko wapi? Uko nyuma ya spika. Nilipopata kazi mkanifanyia sherehe, uko nyuma ya spika. Siku upande wa mwenzangu walipokuja kunichumbia, watu wazima wote wamekaa sebuleni, wewe umeenda kutengeneza waya uani. Mimi nataka mtu wa kunishika mkono pale mlangoni. Ukiwa mezani, nani atanishika mkono?"

Besi akairudisha mahali pake ile miwani aliyoiweka vibaya.

"Ile Jumamosi ilipokatika," mpwa wangu akaendelea, "watu wote walisikitika. Mimi nilifurahi, Baba. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema afadhali, nimepata sababu."

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Ungesema sawa! Wewe kila kitu ni sawa. Mtu akikuomba ngazi, sawa. Ningekuomba uache muziki, ungesema sawa, na mimi nisingejua kama unataka au unanipa tu kama unavyowapa wengine. Na hata nilipokwambia ukae, ulisema nini?"

Yule mteja mzee alikuwa amevua fremu, anatazama viatu vyake kwa heshima. Ile hotuba yangu niliimeza yote, na ninakiri ilishuka kwa shida.

Besi akasogea mpaka kwenye kaunta. Kisha akasema neno ambalo sijawahi kumsikia akilisema kwa mtu yeyote.

"Hapana."

Mpwa wangu akainua uso.

"Hapana, si sawa," Besi akasema, na ile sauti yake nyembamba ikakatika, akaanza upya. "Mimi muziki wako nautaka. Nimeutunza tangu unatambaa. Na mkono wako nautaka. Navitaka vyote viwili. Nikikwambia kwamba nataka kimoja nitakuwa naongopa."

Mpwa wangu akacheka katikati ya machozi, akatoka nyuma ya kaunta, akamkumbatia, na fremu kadhaa zikaanguka. Mteja mzee ndiye aliyeziokota.

Ndivyo ilivyoamuliwa. Wimbo wa kuingilia ungekuwa wa Besi, kutoka kwenye laptopu ya Besi, ameshauchanganya tayari kutoka zile nyimbo zake zote, na wa kubonyeza ningekuwa mimi. Baada ya hapo kijana wa upande wa pili angeendelea na mashine yake. Besi alinifundisha kubonyeza kwa siku nyingi utadhani naenda kurusha ndege. "Unabonyeza hapa. Si hapo, hapa. Halafu usiguse kitu. Na chaja, shemeji. Chaja."

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa na jua la alasiri likaingia mpaka kwenye meza. Chaja niliikagua mimi mwenyewe, nikaibana kwa utepe. Kijana wa upande wa pili nikamwonya, akanionyesha kwa mikono kwamba ameelewa. Milango ikafunguliwa, nikabonyeza mahali pa kubonyeza, na wimbo ukaanza laini, ule wa kwanza aliokuwa akimpigia mtoto ili alale, ukaungana na mwingine bila mshono kuonekana. Nikachukua maikrofoni, nikasogea mbele, nikaanza kuwatangaza. Besi na mwanawe walikuwa mlangoni. Alivaa suti ya kijivu iliyombana kidogo mabegani, na alikuwa amesimama wima kuliko nilivyowahi kumwona.

Walipofika katikati ya ukumbi, nikasikia krr.

Krr, krr, neno nusu, ngoma mara tatu. Niliruka nyuma ya meza, na hapo nikamkuta mama wa bwana harusi ameinama, simu mkononi, utepe wangu umebanduliwa vizuri na kukunjwa pembeni kwa ustaarabu. "Samahani, baba," akaninong'oneza, "nataka picha moja tu ya mkwe wangu." Nilichomoa simu yake, nikachomeka chaja, kipimo kikashuka kutoka kwenye chekundu, wimbo ukanyooka. Nikainua kichwa nikiwa na uhakika nitamwona Besi amesimama katikati ya ukumbi, amegeuka, uso umemshuka. Mtu yule anasikia waya uliolegea kutoka nyumba ya tatu.

Alikuwa anatembea. Mwanawe alikuwa anamwambia kitu, sijui nini, na Besi alikuwa ameinamisha sikio lake kuelekea mdomoni mwake, anatikisa kichwa kukubali, hatua kwa hatua, mpaka walipofika mbele. Hakugeuka hata mara moja.

Baada ya chakula akanifuata mezani. Nilimwona anavyokuja, nikajua atauliza, na kwa mara ya kwanza nikawa sina mzaha wowote mdomoni.

"Shemeji," akasema, "niambie ukweli. Ilikatika?"

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, tai imekwenda upande.

"Haikukatika," nikamwambia.

Akashusha pumzi, akanishika bega, akarudi kukaa na mwanawe.